Kituo, Kituo

Kwa miezi mitano Silvanus Mutai alisimama kumlinda maiti aliyetukanwa, na kila siku alilisoma tusi lenyewe, kwa kuwa lilikuwa limechapwa kwa herufi nyeupe juu ya ubao mweusi, usawa wa macho ya mtu mzima.

Maiti hakuwa na mengi. Mifupa ya mkono, nusu ya fuvu, na taya la mbwa aliyekufa naye, vyote vimelazwa ndani ya kasha la kioo. Kando yake palikuwa na pembe ya ukuta wa mawe, karai la chuma lililoliwa na kutu, na bamba moja pana la jiwe lililoinuliwa juu ya miguu ya kioo ili watazamaji walione juu na chini. Mabaki hayo yalikuwa yameazimwa kutoka pwani ya kaskazini ya Uingereza. Huko, miaka elfu moja na mia sita iliyopita, jeshi la Kirumi lilijenga minara ya kupashana habari kwa moto. Adui akionekana baharini, mlinzi wa mnara wa kwanza anawasha moto. Wa mnara wa pili anauona, naye anawasha wake. Habari inaruka hivyo mpaka inafika kambini kwa askari. Kituo cha ishara, ndivyo wataalamu walivyokiita.

Na ubao ulisemaje? Ulisema kituo hiki kilivamiwa, watu wake wakauawa, na kwamba minara ya jirani haikuonyesha dalili yoyote ya kupokea ishara. Halafu ukamalizia: huenda mlinzi alikutwa amelala.

Huenda! Neno hilo lilimkera Silvanus kuliko mengine yote. Mtu akitaka kukupaka matope bila kuulizwa ushahidi, hutanguliza huenda. Na aliyepakwa hapa hakuwa hata na midomo ya kujibu.

Isitoshe, kazi ya yule marehemu Silvanus aliifahamu vizuri. Kabla mkewe Jepkosgei, ambaye ni nesi, hajashinda bahati nasibu ya viza na kuwaleta wote Takoma Park, huku Marekani, mwaka tisini na tano, yeye alikuwa mlinzi wa moto katika msitu wa Kaptagat, Kenya. Kwa miaka kumi na minane alipanda mnara wa Idara ya Misitu asubuhi na kushuka jioni, redio kifuani, macho kwenye misonobari. Akiona moshi anabonyeza kitufe na kuita: "Kituo, kituo!" Na kituo kinaitika. Hata kama karani alikuwa na mdomo umejaa chapati, kilikuwa kinaitika.

Kwa hiyo alipopangiwa chumba namba nne cha jumba hili la makumbusho, jumba dogo la watu binafsi lenye zulia zito na wageni wachache, hakuona haya kulitazama lile bamba la jiwe kwa jicho la kazi. Upande wa juu jiwe lilikuwa jekundu, jekundu la kuiva, limepasuka nyufa ndogondogo. Upande wa chini lilikuwa jeupe, safi kama lilivyochongwa. Ubao ulidai wekundu ule ulitokana na wavamizi kuuchoma mnara. Silvanus akaguna. Nyumba inayochomwa huungua kutoka chini kwenda juu. Bamba hili, la sakafu ya juu ya mnara, lingeungua tumboni kwanza. Jiwe hili liliungulia mgongoni. Mtu alikuwa amewasha moto mkubwa juu yake, akauchochea, na akaendelea kuuchochea.

Alimwambia Daktari Hadley, mtaalamu wa jumba, mama mrefu mwenye miwani ya kuning'inia ambaye siku ya kwanza alimfurahisha kwa kumwambia kuwa Silvanus ni jina la Kirumi, jina la mungu wao wa misitu. Silvanus alikuwa amelipata kwa katekista wa Tambach, na hakuna aliyekuwa amemweleza habari hizo. Daktari alimsikiliza kuhusu jiwe, akatabasamu, akamgusa begani.

"Wataalamu wanne wameliangalia hilo jiwe, Silvanus," alisema. "Lakini unavutia sana."

Kwa jinsi alivyosema, ni kana kwamba aliyevutia ni mbwa aliyebweka kwa mpangilio. Silvanus alirudi kwenye kona yake na hasira yake ameimeza nzima.

Basi, Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, mwaka tisini na nane, saa nane na robo mchana, mzee mmoja mgeni alikuja peke yake, akavua kofia mbele ya ile mifupa, akayumba, akaanguka chali. Kichwa kiligonga zulia. Silvanus alimfikia kabla kofia haijaacha kuviringika. Alimlegeza tai, akamgeuza ubavu, na mkono mwingine ukabonyeza redio. Aliita mara tatu. Redio ilikoroma tu. Akaiacha ianguke, kwa kuwa mzee alikuwa ameanza kutapika na mikono miwili ilihitajika kumshika.

Aliyefika wa kwanza hakuwa mtu wa chumba cha udhibiti, mwenye kazi ya kusikiliza redio za walinzi. Alikuwa Goretti, mfagizi wa jumba, mwanamke wa Bukavu, Kongo, mwenye goti bovu, anasukuma kiti cha magurudumu alichokitoa sijui wapi, anahema.

"Nilikusikia, papa," alisema, akimwita baba kwa namna ya kwao. "Nilishamwambia ule binti wa tiketi aite ambulance. Kamata miguu."

Mzee alipona. Lakini wanawe waliandika barua kali: kwa nini baba yao alikaa sakafuni dakika kumi na tisa kabla ya mlinzi yeyote mwenye cheo kuonekana? Uongozi wa jumba uliiuliza kampuni ya ulinzi iliyomwajiri Silvanus. Kampuni ya ulinzi ilitazama huku na huku ikitafuta mtu wa kumwangushia lawama, na jicho likatua pale linapotuaga.

Jumatatu asubuhi, kabla hajatoka nyumbani, Jepkosgei alimwekea chai mbele na kumkazia macho.

"Leo wanakuitia form," alisema. "Wewe hawakujui, mimi ndio nakujua. Ukikasirika unanyamaza halafu unasaini ili uondoke. Usisaini kitu hujasoma mpaka chini."

"Nitasoma."

"Usome na ile maandishi ndogo. Na usiende huko kuwa mpole. Uliita ama hukuita?"

"Niliita mara tatu. Kwa Kiingereza, kama walivyotufundisha: Control, Post Four."

"Basi useme hivyo, na ukae hivyo."

Alisema hivyo. Bwana Brandt, meneja wa kampuni kwenye jumba lile, mtu mnene mwenye sauti laini, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamsogezea karatasi ambayo tayari ilikuwa imejazwa. Iliitwa Taarifa ya Tukio. Ilikuwa na mistari: jina la mlinzi, mahali, saa. Je, mlinzi alikuwa macho? Kumewekwa alama kwenye hapana. Je, mlinzi aliita msaada? Hapana. Chini kabisa palikuwa na mstari mtupu wa saini yake.

Ndipo Silvanus alipoelewa kwamba hakuitwa aulizwe. Aliitwa akubali.

"Nani kasema nililala?"

"Hakuna aliyekusikia ukiita," Brandt alijibu. "Daftari la udhibiti halina wito wowote kutoka chumba cha nne."

"Mtu wa udhibiti alikuwa wapi?"

"Hatumjadili yeye hapa."

"Kwa nini hatumjadili? Aliyekuwa na kazi ya kusikia ni yeye! Mimi nilikuwa na mzee mkononi, yeye alikuwa na nini?"

Brandt alibofyabofya kalamu. Mbele ya macho ya Silvanus ukaja ule ubao mweusi: huenda mlinzi alikutwa amelala. Kumbe ndivyo unavyoandikwa! Kituo cha pili hakikutazama, kwa hiyo cha kwanza hakikuwasha. Waliobaki hai ndio wanaoshika kalamu, nao hawawezi kuandika kwamba walikuwa wamekwenda kuvuta sigara.

"Kuna kanda," Silvanus alisema. "Chumba cha udhibiti kinarekodi redio mchana na usiku. Ichezwe."

Brandt alifungua daftari la udhibiti na kulisoma kwanza, polepole. Alhamisi, saa nane na dakika kumi na saba. Kulikuwa na mstari mmoja, umeandikwa na yule yule mtu wa udhibiti aliporudi kwenye kiti chake na kusikiliza kanda: kelele hewani, si Kiingereza.

"Hiyo ndiyo kanda yako," alisema.

"Ichezwe."

Ikachezwa. Mashine iliwekwa mezani, ikakwaruza, halafu sauti ya Silvanus mwenyewe ikajaa chumba kile kidogo, sauti nyembamba ya mtu aliyeshikwa na hofu: "Kituo, kituo! Kujeni haraka, mzee ameanguka! Kituo!"

Silvanus aliganda. Angeapa mbele ya padri kwamba aliita kwa Kiingereza. Miaka mitatu alikuwa amefanya mazoezi ya yale maneno, Control, Post Four, mbele ya kioo cha bafuni, Lorraine binti yake akimcheka na kumsahihisha. Na siku ya siku ulimi ulikuwa umerudi wenyewe Kaptagat, juu ya mnara, kumwita karani wa chapati.

Brandt alitabasamu, si kwa ubaya, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Unaona," alisema.

Lakini kanda ilikuwa bado inazunguka. Ikakwaruza tena. Kisha sauti ya mwanamke ikatoka, ya karibu, inahema kama mtu anayepanda ngazi: "Niko nakuya, papa! Niko nakuya!"

Silvanus hakuwa ameisikia sauti ile siku ya Alhamisi. Redio ilikuwa imeangukia chini ya benchi, na yeye ameshika kichwa cha mzee. Goretti alipomwambia nilikusikia, alidhani alimsikia kwa masikio tu, kupitia korido. Kumbe aliitika. Akatazama dirishani ili Brandt asione macho yake. Alikuwa ameita na akaitikwa, na wao wote wawili wameandikwa kelele.

"Huyu mwanamke ni nani?" Brandt aliuliza, na sasa sauti haikuwa laini sana.

Silvanus alijua kwa nini anauliza. Wafagizi walikuwa watu wa kampuni nyingine. Walipewa redio moja, wakaruhusiwa kusikiliza tu, ili wajue maji yamemwagika wapi. Mfagizi akiongea kwenye redio ya ulinzi, anaondolewa jengoni siku hiyo hiyo. Tangazo lilibandikwa juu ya ndoo zao. Jina moja tu lingemsafisha yeye, kwa kuwa lingethibitisha kwamba wito ulisikika na binadamu mwenye miguu alisimama. Na jina hilo hilo lingemtoa Goretti.

"Simjui," alisema.

"Humjui?"

"Simjui."

"Basi huna shahidi." Brandt alichukua karatasi mpya. Alikuwa tayari kuwa muungwana, alisema. Habari ya kulala ataifuta. Badala yake ataandika kwamba mlinzi alitumia lugha isiyoruhusiwa hewani, na kwa hiyo hakuita msaada ipasavyo. Silvanus akisaini, atahamishiwa lango la maegesho ya magari kule Oxon Hill. Asiposaini, beji irudishwe leo.

"Ningelia kama mbuzi pia ungesema sikulia ipasavyo?" Silvanus alisimama. "Bwana Brandt, mtu akisikia yowe husimama. Haulizi kwanza yowe ni la lugha gani! Yule mama hakuuliza!"

"Yule mama usiyemjua," Brandt alisema.

Akaijaza ile karatasi mpya, akaisukuma mezani. Silvanus aliomba apewe hadi saa tisa, akaikunja ile karatasi, akashuka ngazi hadi chini kabisa kwenye stoo ya ndoo.

Goretti alikuwa ameketi juu ya sanduku la sabuni, goti limenyooshwa, anakula wali kutoka kwenye bakuli la plastiki. Silvanus alimweleza yote, kwa mpangilio, na alipofika kwenye sauti ya kanda aliweka mkono kifuani na kumshukuru. Kisha akamwambia asiwe na wasiwasi, kwa sababu hakumtaja. Aliulizwa mara mbili na mara mbili alisema hamjui.

Alitegemea ashukuriwe. Goretti aliweka kijiko chini.

"Ulisema haunijue?"

"Nilitaka kukukinga, Mama Goretti. Wangekutoa."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Eh, papa Silvanus." Alisimama, na kwa kuwa goti liliuma alisimama kwa hasira zaidi. "Tangu nifike mu inchi hii, miaka ine, ile njo mara ya kwanza nasema mu radio yabo. Niliona affiche yabo pale juu ya ndoo, najua kuisoma. Nikaikanyaga. Nikapanda escalier mbili na hii goti. Miye njo niliitika! Na weye unaenda kusema haukunisikia?"

"Sikusema sikukusikia. Nilisema—"

"Ule mutu wabo aliandika kelele. Weye haukuandika hata kelele."

Kwa siku nne Silvanus alikuwa amebeba hasira yake kama ni mali yake peke yake: ameonewa, amefutwa, ameandikwa amelala. Na asubuhi ile ile, kwa mdomo wake na kwa moyo safi kabisa, alikuwa amezima moto wa mtu mwingine. Aibu ilimshika.

"Kazi utapoteza," alisema kwa sauti ndogo.

"Kazi ya kupangusa iko kila fasi. Bataniweka fasi ingine, ama nitatafuta." Alikuwa tayari anafungua aproni. "Hiyo ni hesabu yangu, haikuwe yako. Haukuniuliza. Twende."

"Mama Goretti, fikiria kwanza."

"Nilifikiri jeudi, ile siku ya muzee, mu escalier. Twende!"

Walipanda. Njia ya kwenda ofisini ilipitia chumba cha nne, na Goretti, ambaye kila asubuhi alikipangusa kile kioo lakini hakuwahi kupewa muda wa kusimama mbele yake, aliuliza ni nini hasa hiki kilichofanya watu waanguke. Silvanus alimwonyesha jiwe. Juu jekundu, chini jeupe. Akamwambia ubao unasemaje.

Goretti aliinama akatazama chini ya bamba, mkono kiunoni. Kisha akatazama ile nusu ya fuvu kwa muda.

"Aliwasha, huyu," alisema. "Wale bengine njo balilala." Na akaendelea kuchechemea mbele.

Brandt alikuwa kwenye simu. Goretti hakungoja aimalize. Alisimama mbele ya meza, aproni mkononi, na kwa Kiingereza chake kifupi, kilichochanganyika na Kifaransa, akamwambia kwamba sauti ya kwenye kanda ni yake. Huyu aliita. Yeye alisikia. Yeye aliitika, akaleta kiti, akamwambia binti wa tiketi apige simu. Kama alimsikia yeye akiwa chini kwenye ndoo, basi aliyekaa na masikio ya kazi angemsikia pia, kama angekuwa amekaa.

Brandt aliweka simu chini. Alimtazama Silvanus.

"Ulisema humjui."

"Nilisema uongo," Silvanus alisema. "Ndio uongo pekee ulio kwenye hili jambo lote kwa upande wangu, na ninauondoa. Andika."

"Unajua atakachofanywa?"

"Naye anajua. Andika."

Silvanus aliikunjua ile karatasi mpya mezani, na Brandt akaivuta. Alipita kwenye mistari kwa ncha ya kalamu: jina la mlinzi, mahali, saa, hali ya mlinzi, namna ya wito. Aligeuza nyuma, akageuza tena mbele. Mtu aliyeitunga fomu ile alikuwa amefikiria kila kosa analoweza kufanya mwenye kuita. Hakuwa amefikiria kabisa habari ya mwenye kuitika.

"Hakuna mahali pa kuandika hilo," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana kusema ukweli mtupu.

Goretti aliweka kidole chake, kinachonuka dawa ya kusafishia, kwenye ukingo mweupe wa karatasi.

"Hapa," alisema.

Brandt hakusogea. Silvanus alinyoosha mkono, akaichukua kalamu kutoka vidoleni mwake, na hakuna aliyemzuia. Alikata ile sentensi ya lugha isiyoruhusiwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Kisha akainama pale ukingoni, akaandika saa, akaandika neno aliitika, na kalamu ikasimama. Miaka miwili alikuwa amesalimiana na mwanamke huyu kila asubuhi, ameuliza habari za goti, amekula mikate yake, na sasa hakuwa na cha kuandika baada ya Goretti.

"Jina lako kamili, Mama?" aliuliza kwa haya.

"Goretti Nabintu," alisema. Halafu, kwa kuwa alimwona anasita, akamtajia herufi moja moja, taratibu, na Silvanus akaziandika zote kabla ya kutia saini yake chini.